“Rangi Zote Zipo”: Kiambishi -po na Dhamana ya Neno katika Matangazo ya Picha ya Wafanyabiashara Wadogo wa Kimara, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kipengele kimoja cha kisarufi katika maelezo yanayoambatana na picha za bidhaa ambazo wafanyabiashara wadogo wa Kimara huziweka Instagram na katika stetasi za WhatsApp. Kipengele hicho ni kiambishi cha mahali -po katika miundo kama “rangi zote zipo”, “maongezi yapo” na “tupo Kimara Mwisho”. Inadaiwa kwamba muundo huu hutangaza kuwapo kwa kitu bila kumtaja anayekimiliki, na kwamba ukimya huo una thamani ya fedha kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Makala yanaonesha pia jinsi wanunuzi wanavyotumia sarufi hiyohiyo kuupima ukweli wa tangazo kabla ya kutuma fedha.

1.0 Utangulizi

Kimara, iliyokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Manispaa ya Ubungo, imekaa juu ya vilima pande zote mbili za Barabara ya Morogoro. Ni mahali ambapo njia nyingi hukutana. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kutoa huduma mwezi Mei 2016 huanzia Kimara Mwisho na kupita Korogwe, Bucha na Baruti kabla ya kufika Ubungo na kuendelea mjini hadi Kivukoni. Upande wa magharibi, baada ya Stop Over, Suka na Temboni, kuna Mbezi na Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021, ambako mizigo ya mikoani hupakiwa. Kwa mtu anayenunua bidhaa Kariakoo asubuhi na kuisafirisha Dodoma au Mwanza jioni, ni vigumu kupata makazi yanayofaa zaidi.

Hata hivyo, fremu za kando ya barabara hazikuwa na uhakika. Mwaka 2017 majengo mengi yaliyokuwa katika hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, yalibomolewa, na baadaye ikajengwa barabara ya njia nane ya Kimara hadi Kibaha yenye urefu wa kilomita 19.2. Mwaka 2021 wamachinga wa jiji zima waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa katika maeneo yaliyopangwa. Si sahihi kudai kwamba matukio hayo ndiyo yaliyowapeleka wafanyabiashara mtandaoni. Wengi walikuwa wameshafika huko. Lakini yanasaidia kueleza kwa nini mtu anayeuza madera, viatu, mapazia au keki akiwa katika chumba cha ndani kabisa ya mtaa, mahali ambapo mpita njia hafiki, huihesabu akaunti yake ya Instagram kuwa ndiyo fremu yake.

Fremu hiyo ina picha na ina maneno. Kuhusu picha yameandikwa mengi na watu wa masoko: mwanga wa dirishani, mandhari safi, pembe nzuri. Maneno yameachwa, na pale yanapotajwa hutajwa kwa kulalamikiwa, kwamba yanachanganya lugha na yanaharibu Kiswahili sanifu. Lawama hiyo inakosa shabaha. Maelezo haya yana kanuni zake, na mtu asiyezielewa anaweza kupoteza fedha.

Mifano inayotolewa humu haikunakiliwa kutoka akaunti ya mtu yeyote. Ni vielelezo vilivyoundwa kwa kufuata ruwaza zinazojirudia, ili asitambulishwe mfanyabiashara wala mteja.

2.0 Kutoka “mali ya” hadi “zipo”

Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alieleza kwamba maneno yanayoandamana na picha ya tangazo hufanya mojawapo ya kazi mbili. Ama huitia picha nanga, yaani huchagua maana moja kati ya nyingi zinazoelea, au hupokezana na picha katika kusimulia jambo ambalo hakuna upande mmoja unaoweza kulisema peke yake. Sitiari ya nanga inaeleweka vyema katika lugha iliyokulia pwani. Hata hivyo, Barthes alikuwa akichambua tangazo la kampuni ambayo jina lake lilikuwa limechapwa kwenye pakiti za bidhaa yenyewe. Msomaji hakuwa na haja ya kujiuliza kama muuzaji anazo tambi hizo.

Uswahilini, mapokeo ya kuunganisha picha, maneno na biashara ni ya zamani kuliko simu. Kanga ina mji, pindo na jina, na jina hilo, lililoandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi, ndilo mara nyingi huiuza. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alizitambulisha kanga zake kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Yafaa kuuangalia muundo huo wa maneno mawili na jina. Nomino “mali” na kihusishi cha umilikishi “ya” vinamfunga mtu kwenye kitu: kama kitambaa kinachuja, anayelaumiwa anajulikana.

Katika maelezo ya picha ya Kimara, nafasi hiyo ya umilikishi aghalabu huwa tupu. Kielelezo cha kwanza ni cha kawaida kabisa:

(1) Mzigo mpya umeingia. Madera ya kisasa, rangi zote zipo. 25,000/= tu, maongezi yapo. Tupo Kimara Mwisho. Mikoani tunatuma.

Neno “mzigo” lenyewe limesafiri. Kutoka kitu kinachoelemea kichwa au bega, limekuwa shehena, kisha limekuwa bidhaa yoyote iliyo tayari kuuzwa, hata kama ni jozi moja ya hereni. “Mikoani” nalo linastaajabisha kidogo, kwa kuwa Dar es Salaam ni mkoa kama mikoa mingine. Katika sarufi ya biashara ya jiji hili, mikoa ni kule kwingine. Kitenzi “umeingia” hakisemi mzigo umeingia wapi, wala kwa nani. Mbegu ya tatizo linalojadiliwa katika sehemu inayofuata imo tayari katika kitenzi hicho.

3.0 Tofauti ya “ninazo” na “zipo”

Sarufi za Kiswahili hueleza viambishi vya mahali kwa utatu: -po kwa mahali dhahiri, -ko kwa mahali pasipo dhahiri, -mo kwa mahali pa ndani. Maelezo hayo ni sahihi yanapohusu mahali. Lakini -po ina kazi nyingine, ya kutangaza kuwapo tu, ambapo swali la “wapi” halijibiwi wala halitarajiwi. Mwalimu anaposema “sababu zipo”, hakuna mwanafunzi anayetazama huku na huko kuzitafuta. Kielelezo (1) kinatumia -po mara tatu kwa vitu vitatu visivyofanana: rangi zipo, maongezi yapo, na wauzaji wenyewe wapo. Ni -po ya tatu peke yake iliyo na mahali, nayo hutaja kituo cha basi chenye msongamano wa maelfu ya watu, si mlango.

Muuzaji angeweza kusema “ninazo rangi zote”. Katika “ninazo”, kiambishi cha nafsi ni- humtaja mwenye kitu, na -zo hurejelea kitu chenyewe. Uhusiano wa kumiliki umetamkwa. Katika “zipo”, kiambishi cha kiima ni cha rangi. Mtu ametoweka katika sentensi. Mabadiliko haya si ya mtindo tu, kwa sababu biashara kubwa ya picha Dar es Salaam huendeshwa na watu ambao bidhaa si zao. Kariakoo wanaitwa mawinga: humpeleka mteja dukani, au huipeleka picha ya duka kwa mteja, huongeza chochote juu ya bei, na hulipwa kwa tofauti hiyo. Winga anayeishi Kimara anaweza kuwa na picha mia mbili katika simu na asiwe na dera hata moja chumbani. Akisema “ninazo”, amesema uongo. Akisema “zipo”, amesema kweli: zipo, dukani kwa mtu mwingine, mtaa wa Kongo au Msimbazi, ikiwa hazijauzwa tangu picha ilipopigwa.

Inafaa kusisitiza kwamba uwinga si utapeli. Ni kazi, yenye nauli na jasho, na wateja wengi wa mikoani hawana njia nyingine ya kuufikia mzigo wa Kariakoo. Hata mwenye mzigo wake mwenyewe husema “zipo”, kwa kuwa ndiyo lugha ya soko. Kinachotatiza ni kwamba mwenye mzigo, winga mwaminifu na tapeli wote hutumia kiambishi kilekile, na picha haiwatenganishi, kwa sababu inaweza kuchukuliwa kutoka akaunti yoyote. Fedha hutumwa kwa simu kwa sekunde chache. Anayezituma akiwa Songea hana mlango wa kuurudia.

Ndiyo maana wanunuzi wazoefu wameunda namna ya kuihoji -po. Hawaulizi moja kwa moja kama muuzaji ni winga, swali ambalo lingevunja heshima. Huuliza jambo dogo: “Saizi ya 42 ipo?” Jibu hutoa ushahidi ambao muuzaji hakukusudia kuutoa. Mwenye mzigo hujibu “ipo” au “imeisha” papo hapo, kwa kuwa ameinua macho tu na kutazama rafu. Winga hujibu “ngoja nikuulizie” au “subiri nikuangalizie”. Vitenzi hivi vinastahili kutazamwa kwa makini. Mzizi -uliz- umepewa kauli ya kutendea, na -angali- umepitia kauli ya kutendesha na ya kutendea, hivi kwamba kitendo kinafanywa kwa niaba ya mteja na, kwa upande wa kuuliza, mbele ya mtu wa tatu ambaye tangazo halikumtaja. Nikuulizie kwa nani? Mnyambuliko wa kitenzi unamfichua mwenye mali aliyefichwa na kiambishi cha mahali.

Si kila “nikuangalizie” hutoka kwa winga, bila shaka. Mama aliye jikoni akioka keki ya oda naye huenda akahitaji kwenda chumba cha pili kutazama. Lakini likiambatana na kuchelewa kwa saa tatu, na picha mpya yenye sakafu tofauti na ya kwanza, mnunuzi huwa ameshaelewa.

Wanaotengeneza bidhaa kwa mikono yao hukabiliwa na tatizo la upande wa pili: watajitofautishaje na wenye picha za kuazima? Hapa sarufi nayo hutoa njia, na inasikitisha kwamba wengi hawaitumii. Fundi cherehani wa Baruti anayeandika “mishono mipya ipo” amejiweka katika kundi moja na kila winga. Akiandika “hii nimeishona jana kwa kitenge cha mteja, imebaki kuwekwa vifungo”, amejitaja kwa ni-, ametaja wakati, na ameifunga picha na tukio ambalo mtu aliyeiiba picha hiyo hawezi kuliendeleza kesho yake. Vitenzi mahususi kama -shona, -oka, -suka, -darizi na -paka vina mtenda lazima. “-po” haina mtenda. Kwa fundi, kitenzi kimoja chenye nafsi na njeo kina uzito kuliko vivumishi kumi vya “kali”, “kisasa” na “ya ukweli”, ambavyo kila mtu anavyo na havimgharimu mtu kitu.

4.0 Bei iliyofichwa na maongezi yaliyopo

Katika matangazo mengi bei haitajwi. Mteja huandika chini ya picha neno moja, “Bei?”, naye hujibiwa “njoo inboksi”. Kwa kanuni ya wingi wa taarifa aliyoipendekeza Paul Grice mwaka 1975, muuzaji amevunja ushirikiano wa mazungumzo, kwa kuwa ameombwa taarifa anayoijua na hakuitoa. Wateja wengi hulalamika hivyohivyo, ingawa hawamtaji Grice.

Yapo maelezo mawili yanayokubalika. La kwanza ni la kibiashara tu: bei ikiandikwa, jirani wa mtaa wa pili atashusha shilingi elfu moja, na winga hawezi kuweka bei ambayo mwenye duka anaweza kuibadilisha kesho. La pili ni la kiutamaduni na lina uzito zaidi. Bei katika soko la rejareja la Kiswahili ni matokeo ya mazungumzo, na “maongezi yapo” inatamka hivyo waziwazi. Ukitaja 25,000/= na kuongeza “maongezi yapo”, umetaja mahali pa kuanzia. Mnunuzi anayelipa 25,000 bila neno, kwa maana fulani, ameukataa mwaliko. Kinyume chake ni “bei haipungui” au “bei ya mwisho”, ambayo hufunga mlango, na mara nyingi hulainishwa kwa “mpenzi” au “bosi wangu” ili ukali wake usichome.

Alama /= nayo ni masalio ya hesabu ya shilingi na senti, ambapo mistari miwili ilionesha kuwa hakuna senti. Senti hazitumiki tena katika manunuzi ya kila siku, lakini alama imebaki kama muhuri wa bei rasmi. Muuzaji yuleyule akiwa inboksi ataandika “lete 22 tuyamalize”, bila alama na bila elfu.

Methali isemayo “chema chajiuza, kibaya chajitembeza” inakinzana waziwazi na msemo wa mjini kwamba biashara ni matangazo. Mtandaoni vyote hujitembeza, chema na kibaya, na kwa hiyo kujitembeza hakuwezi tena kuwa dalili ya ubaya. Kazi ya kupambanua imehamishiwa katika maongezi.

5.0 “Tupo” hadharani, “nipo” faraghani

Muuzaji wa Kimara aghalabu ni mtu mmoja, pengine na mdogo wake anayesaidia kufunga mizigo. Katika maelezo ya picha, hata hivyo, hutumia nafsi ya kwanza wingi: tupo, tunapatikana, tunatuma. Wingi huu huipa biashara sura ya taasisi. Mteja naye huitwa kwa wingi: “karibuni warembo”, “njooni wapendwa”. Mazungumzo yakihamia inboksi, wingi huporomoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: “karibu mpenzi”, “nipo, niambie”, “nitakutumia kesho na basi la saa kumi na mbili”. Atakayedai fedha zake baadaye atakuwa akidai kutoka kwa ni-, si kutoka kwa tu-.

Salamu huonesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. “Shikamoo” haiwezi kuandikwa chini ya picha, kwa sababu inahitaji kujua nani mkubwa na nani mdogo, na umma wa mtandao hauna umri. Kwa hiyo tangazo huanza bila salamu kabisa, jambo ambalo dukani lingekuwa utovu wa adabu, au kwa salamu isiyo na umri: “Jumatatu njema”. Inboksi, mteja akijitambulisha kwa maneno yanayoashiria utu uzima, “shikamoo mama” hurudi mara moja, na mara nyingi bei hupungua pamoja nayo.

Mpaka huu wa hadharani na faraghani huvukwa na ushuhuda. Muuzaji hupiga picha ya mazungumzo yake na mteja aliyeridhika, “nimeupokea, mzuri sana, Mungu akubariki”, na kuiweka hadharani. Ni jaribio la kuifidia -po isiyo na mwenyewe kwa kutumia sauti ya mtu wa tatu aliyepokea mzigo kweli. Lakini maneno hayo yalisemwa kwa nipo, si kwa tupo, na jina au namba ya mteja wakati mwingine hubaki juu ya picha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, jambo hilo limevuka mipaka ya adabu na kuingia katika sheria. Kufunika jina na namba huchukua nusu dakika.

6.0 “Bado ipo?”

Muuzaji wa sokoni akisema “zipo”, sauti yake hupotea jioni pamoja na mzigo. Neno lililowekwa chini ya picha halipotei. Stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na kwa hiyo “zipo” ya stetasi ni ya leo kwa hakika ya mashine. Picha ya Instagram hukaa miaka. Muundo wa kiima na -po hauna kiambishi cha njeo. Hudokeza wakati wa kusema, na wakati wa kusema huchukuliwa kuwa uleule wa kusikia. Picha inapodumu, nyakati hizo mbili huachana. “Mzigo mpya umeingia” ya miaka miwili iliyopita bado inadai upya wake.

Namba ya simu nayo ina umri. Wafanyabiashara wengi huichapa juu ya picha yenyewe, kwa kuwa kiungo kilichoandikwa ndani ya maelezo ya Instagram hakifunguki kwa kubonyezwa, na mistari ya chini hukunjwa isionekane. Uamuzi huo una faida nyingine: intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, aliyekuwa ameihifadhi picha yenye namba aliweza kupiga, ilhali aliyetegemea inboksi hakuwa na pa kubisha hodi.

Wachache huhariri maelezo na kuandika “zimeisha”. Wengi huacha, kwa kuwa picha nzuri huendelea kuleta wateja hata baada ya mzigo kwisha, na mteja aliyekuja kwa dera la njano anaweza kuondoka na la bluu. Matokeo yake ni swali ambalo sasa ni la kawaida kuliko hata “Bei?”. Mteja hatosheki na “ipo?”, ambalo kisarufi lingetosha. Huandika “bado ipo?”. Kielezi hicho hutia wakati mahali ambapo muuzaji hakuutia, na humlazimisha anayejibu ama kuukiri au kuukana. Jibu likiwa “ipo”, mteja amepata neno lenye tarehe, kwa kuwa ujumbe wa inboksi huandikwa saa yake pembeni.